Mtaalamu Apimwe kwa Kipimo Gani?

Katika kila nchi watu hupenda kujua ni nani afanyaye kazi vema na ni nani afanyaye vibaya. Mkulima twampima kwa mavuno yake. Seremala twampima kwa kiti alichotengeneza: tukikikalia kisivunjike, twasema fundi huyu anajua kazi. Lakini ziko kazi ambazo matunda yake hayaonekani upesi, wala hayaonekani na watu wote. Mojawapo ni kazi ya mtaalamu achunguzaye viumbe vyenye uhai katika vipande vyao vidogo kabisa, visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Mtaalamu huyo huitwa mwanabiolojia wa molekuli. Je, mtu wa namna hii tutampima kwa kitu gani? Tukihesabu makala alizoandika, na kuhesabu mara ngapi wenzake wamezitaja, hiyo yatosha kusema ya kuwa kazi yake ni njema au si njema?

Wengine watafikiri ya kuwa swali hili ni la wakuu wa vyuo vikuu tu. Sivyo. Vijana wetu wanaosoma Lubumbashi, Bukavu, Kisangani na Kinshasa wakiendelea katika elimu hii watapimwa kwa kipimo hicho hicho, na wengine wamekwisha kupimwa. Tena, ndani ya swali hili limo swali jingine ambalo ni la kila mtu: je, thamani ya kazi ni sawasawa na sifa inazoleta? Basi tulitazame pole pole.

KUTAJA NI NINI?

Mtaalamu akimaliza uchunguzi wake huandika makala katika gazeti la elimu, ili wenzake waisome na kuijaribu. Hawezi kuandika kana kwamba elimu imeanza kwake. Sharti aseme: njia hii ya kupima niliipata kwa fulani, jambo hili lilionwa kwanza na fulani, mwaka fulani. Na mwisho wa makala huweka orodha ya kazi zote alizozitegemea.

Desturi hii ni ya haki. Anayekula mahindi ya shamba la mwenzake asiseme amelima mwenyewe. Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basi kutaja ni kulipa deni. Anayetaja hamfanyii mwenzake hisani, anamrudishia kilicho chake. Tulishike neno hili, maana litatusaidia mbele.

Hapo zamani mtu aliweza kujua makala fulani imewategemea nani, lakini ilikuwa shida sana kujua nani waliitegemea baadaye. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, alitoa shauri katika gazeti Science kwamba viandikwe vitabu vya kuonyesha jambo hilo. Mwaka 1964 vitabu hivyo vilianza kutolewa mjini Philadelphia. Kusudi lake lilikuwa jema. Alitaka kumsaidia mtu asomaye makala ya zamani ajue nani aliiendeleza, nani aliisahihisha, nani aliipinga. Ilikuwa kama ramani ya njia.

Lakini ramani hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake, na hesabu huvuta macho. Wakuu wa vyuo na wagawaji wa fedha walianza kusema: huyu ametajwa mara 500, yule mara 40 tu, basi huyu ni bora. Magazeti yenyewe pia yakapewa alama, kwa kuhesabu makala zao hutajwa mara ngapi kwa wastani. Mwaka 2005 mwalimu wa fizikia wa California, Jorge Hirsch, alitunga kipimo kingine cha mtu mmoja mmoja. Mtaalamu mwenye makala 20, kila moja ikiwa imetajwa mara 20 au zaidi, hupewa alama 20. Mwingine mwenye makala 3 tu, kila moja ikiwa imetajwa mara 1,000, hupata alama 3. Kipimo hiki chepesi kilipendwa upesi, kwa kuwa anayekitumia hana haja ya kusoma hata ukurasa mmoja.

HESABU YASEMA NINI, NA YAFICHA NINI?

Tusiidharau hesabu bure. Kazi ikitajwa mara nyingi, twajua kwa hakika jambo moja: watu wengi wameiona, na wengi wameitumia kwa namna fulani. Hilo si jambo dogo. Lakini hesabu haisemi wameitumia kwa nini. Tutoe mifano.

Mwaka 1951 Oliver Lowry na wenzake, mjini St. Louis huko Marekani, waliandika njia ya kupima protini. Protini ni vitu vinavyoujenga mwili na kufanya kazi nyingi ndani yake. Dawa zao zilifanya maji yenye protini kugeuka rangi ya buluu, na kadiri protini zilivyo nyingi, ndivyo buluu ilivyozidi. Kwa kuwa karibu kila maabara hupima protini, karibu kila maabara ilimtaja Lowry. Makala hiyo imetajwa zaidi ya mara 300,000. Katika elimu yote ya viumbe na vitu, hakuna nyingine iliyopata hesabu kubwa hivi kwa miaka mingi. Naye Lowry mwenyewe alisema wazi ya kuwa haikuwa makala kubwa. Ilikuwa chombo cha kazi tu.

Sasa tutazame makala nyingine. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA, yaani uzi ule unaobeba urithi wa kila kiumbe kutoka kwa wazazi hata kwa watoto. Elimu yote ya biolojia ya molekuli imesimama juu ya jambo hilo. Lakini makala yao haikufikia hata sehemu ya kumi ya hesabu ya Lowry. Je, tuseme kwamba kupima protini ni jambo kubwa mara kumi kuliko kujua umbo la DNA? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Kumbe jambo likiisha kujulikana na wote, watu huacha kulitaja. Nani anamtaja mtu wa kwanza aliyewasha moto?

Na katika habari hiyo ya DNA kuna deni lililolipwa nusu tu. Rosalind Franklin, Mwingereza, alishughulika na picha za DNA zilizopigwa kwa miali ya eksirei. Picha moja iliyopigwa katika kazi yake ilionyeshwa kwa Watson bila yeye kujua, ikawasaidia sana. Makala ya 1953 ilimgusia kwa maneno machache tu. Alikufa mwaka 1958, umri wake miaka 37. Mwaka 1962 zawadi ya Nobel walipewa Watson, Crick na Maurice Wilkins. Hesabu huandika waliotajwa, lakini haina mahali pa kuandika waliostahili kutajwa wasitajwe.

Mfano mwingine ni wa kutisha. Mwaka 1998 gazeti The Lancet la Uingereza lilitoa makala ya daktari mmoja na wenzake, iliyowafanya watu wafikiri ya kuwa chanjo ya surua huleta usonji kwa watoto. Ilikuwa kazi ya udanganyifu, na mwaka 2010 gazeti liliifuta. Lakini makala hiyo imetajwa mara nyingi sana, na wengi wameitaja ili kuikanusha. Mashine ya kuhesabu haipambanui sifa na lawama.

HABARI YA KATALIN KARIKÓ

Mfano utakaotufundisha zaidi ni wa mwanamke mmoja wa Hungaria, Katalin Karikó, aliyezaliwa mwaka 1955, binti ya mchinja nyama. Mwaka 1985 alihamia Marekani pamoja na mumewe na mtoto wao mdogo.

Kazi yake ilihusu kitu kiitwacho RNA mjumbe. Tufananishe hivi. Katika kila chembe ya mwili, DNA ni kama kitabu cha sheria kilichofungiwa nyumbani kwa chifu. Hakitoki nje. Neno likihitajiwa, hunakiliwa katika barua, na barua hupelekwa kwa mafundi wanaotengeneza protini. Barua hiyo ndiyo RNA mjumbe. Ikiisha kusomwa huharibiwa. Karikó alifikiri: je, sisi tukiandika barua wenyewe na kuitia mwilini, mwili hautajitengenezea dawa yake?

Wengi walisema haiwezekani. Barua ya kigeni ikiingia, mwili huiona kama adui, ukawaka kwa kupigana nayo. Karikó aliomba fedha za uchunguzi mara nyingi, akanyimwa. Mwaka 1995 chuo kikuu alichofanyia kazi kilimshusha cheo. Hakuacha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikutana na daktari Drew Weissman kwenye mashine ya kunakili makala, wakaanza kufanya kazi pamoja. Mwaka 2005 waliandika katika gazeti Immunity ya kuwa ukibadili kidogo herufi moja ya barua hiyo, mwili hutulia, hauipigi tena vita.

Ulimwengu haukushtuka. Kama ungalihesabu kutajwa kwa makala hiyo mwaka uliofuata, ungalisema ni kazi ya kawaida. Mwaka 2013 Karikó alikwenda kufanya kazi Ujerumani, katika kampuni ya BioNTech. Kisha, mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea duniani, chanjo mbili zilizotangulia kukubaliwa Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa njia ile ile ya barua iliyobadilishwa. Mwaka 2023 Karikó na Weissman walipewa zawadi ya Nobel ya tiba. Leo makala ya 2005 imetajwa maelfu ya mara.

Sasa tujiulize. Makala hiyo ilibadilika neno hata moja kati ya 2005 na 2020? Hapana. Kama ilikuwa kweli mwaka 2020, ilikuwa kweli mwaka 2005. Thamani ilikuwamo tangu mwanzo. Hesabu ndiyo iliyochelewa. Na kama Karikó angalitaka kupendeza hesabu, angaliacha kazi hiyo mapema, akachagua jambo lipendwalo na wengi.

HESABU IKITAWALA MOYO

Hapo twafika penye hatari kubwa zaidi. Kipimo kibaya hukosa kumjua mtu mwema. Lakini tena chaweza kumharibu.

Mchimbaji wa madini akilipwa kwa hesabu ya mifuko, pasipo mtu kuangalia ndani, baada ya muda mifuko itajaa udongo. Ndivyo ilivyo katika elimu. Akijua ya kuwa cheo na mshahara hutoka katika hesabu, mtaalamu hushawishika kuikata kazi moja vipande vitano, apate makala tano. Hushawishika kujitaja mwenyewe kila mara. Hushawishika kuwaambia rafiki zake: nitajeni, nami nitawataja. Mkubwa hushawishika kuweka jina lake juu ya kazi ya mwanafunzi, ijapokuwa hakuigusa. Wazee walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Na wengine huvuka mpaka kabisa. Mwaka 2016 Elisabeth Bik, mwanamke wa Uholanzi mwenye elimu ya vijidudu, pamoja na wenzake wawili, walitoa taarifa baada ya kukagua makala 20,621 za biolojia na tiba. Walitazama picha za maabara, zile zinazoonyesha protini na chembe. Katika kila makala 100, karibu 4 zilikuwa na picha zenye kasoro: picha moja imewekwa mara mbili kama mambo mawili mbalimbali, au imegeuzwa, au imekatwa na kuungwa. Walikadiria ya kuwa nusu ya hizo, au zaidi, zilionyesha dalili za kufanywa kwa makusudi. Huo si mchezo. Daktari atafuata makala ya uongo, na mgonjwa atalipa.

Hatusemi ya kuwa hesabu ndiyo iliyomfanya mwongo kuwa mwongo. Mtu ana hiari yake. Lakini anayeweka kishawishi njiani mwa mwenzake hawezi kunawa mikono.

NENO LA WANAOITETEA HESABU

Sharti tuwasikilize wale wanaosema: mkiondoa hesabu, mtaweka nini mahali pake? Wakuu watawapa vyeo ndugu zao, watu wa kabila lao, watu waliosoma nao. Kijana maskini asiyejulikana na mtu, hesabu ndiyo mtetezi wake. Nambari haina shemeji.

Neno hili ni zito, nasi katika nchi yetu twalijua kuliko wengine. Wangapi wamekosa kazi kwa sababu hawakuwa na mjomba ofisini? Hatuwezi kulijibu kwa dharau.

Jibu letu ni hili. Hesabu ikubaliwe kuwa shahidi, isifanywe hakimu. Shahidi husikilizwa, huulizwa maswali, hulinganishwa na mashahidi wengine. Huyu ametajwa mara nyingi: na nani? Kwa jambo gani? Je, katika elimu yake watu wana desturi ya kutaja sana? Maana wanabiolojia hutaja kazi nyingi katika kila makala, na wanahisabati hutaja chache. Kuwalinganisha kwa nambari ni sawa na kulinganisha uzito wa ng'ombe na uzito wa kuku. Baada ya maswali hayo hakimu lazima afanye kazi ya hakimu, yaani kuisoma kazi yenyewe. Tena hakimu asiwe mmoja, wala asihukumu gizani. Upendeleo hauponywi kwa kuacha kufikiri. Huponywa kwa watu kadhaa wanaosoma, wanaotoa sababu zao wazi, na wanaoweza kuulizwa.

Wenye elimu wenyewe wameliona jambo hili. Desemba 2012 wataalamu wa biolojia ya chembe na wahariri wa magazeti walikutana San Francisco, na mwaka 2013 wakatoa tangazo: mtu asihukumiwe kwa alama ya gazeti aliloandikia, bali kwa kazi aliyoifanya. Watu na vyama kwa maelfu wametia sahihi. Lakini kutia sahihi ni rahisi. Kusoma kazi ya mwenzako mpaka mwisho ndiko kugumu.

WALIOTENDA BILA KUTAJWA

Jambo hili halikutendeka mbali tu. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliingia katika hospitali ya misioni ya Yambuku, upande wa Bumba. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa, na masista wa hospitali walikuwa miongoni mwao. Kijana mmoja mtaalamu wa vijidudu, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kutoka Kinshasa. Alitoa damu ya wagonjwa bila glavu, akarudi Kinshasa pamoja na sista mmoja mgonjwa. Damu ya sista huyo ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, na humo vilionekana virusi vilivyoitwa Ebola, kwa jina la mto wa huko.

Kwa miaka mingi habari ya ugunduzi huo ilisimuliwa Ulaya na Marekani, mara nyingi pasipo jina la Muyembe. Yeye aliendelea na kazi. Mwaka 1995, Ebola ilipotokea Kikwit, alikuwa huko. Miaka 11 baada ya hapo, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake, na katika damu hiyo wanabiolojia wa molekuli walipata kinga ambayo iligeuzwa kuwa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina tangu Novemba 2018 hata Agosti 2019, katika mlipuko uliowaua watu zaidi ya 2,200. Ilionekana yafaa, na mwaka 2020 ikakubaliwa Marekani kwa jina la Ebanga. Sasa jina la Muyembe lajulikana duniani. Ni vema, deni limeanza kulipwa.

Lakini tutazame zaidi. Yule aliyetoa damu hana alama katika kitabu chochote cha hesabu. Wauguzi wa Beni na Butembo, waliovaa mavazi mazito katika joto, wakaandika hali ya kila mgonjwa mchana na usiku, na wengine wao wakauawa kwa sababu ya kazi hiyo, hawatajwi katika orodha za makala. Bila wao, hakuna makala. Bila makala, hakuna hesabu. Basi nani atasema ya kuwa wasio na hesabu hawana thamani?

TUFANYE NINI?

Tulisema mwanzoni ya kuwa kutaja ni kulipa deni. Kosa lote linatoka hapa: watu wameuchukua wajibu wa anayetaja, wakaugeuza kuwa mali ya anayetajwa. Aliyekopesha ana haki ya kulipwa. Lakini thamani yake haihesabiwi kwa wingi wa wadeni wake.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi, ukiandika kazi yako, taja kwa uaminifu wote uliowategemea, hata mwenzako wa darasani, hata fundi wa maabara, hata muuguzi aliyekuletea habari. Kisha usiulize kila asubuhi nani amekutaja wewe. Uliza kama ulichoandika ni kweli, na kama mwingine akijaribu ataona ulivyoona.

Wewe mwalimu, usiweke jina lako mahali usipotia jasho. Na ukiombwa kumpima kijana, soma alichokiandika kabla ya kutazama hesabu yake.

Nanyi mnaogawa vyeo na fedha, msiwaache njiani watu wa kazi za muda mrefu. Mti wa mvule haukui kama mhogo. Anayetaka mavuno kila baada ya miezi sita, atapata mihogo tu, na siku atakapohitaji mbao za nyumba hatazipata.

Sisi wengine tusio wa maabara, tuna mizani ile ile mikononi. Mara ngapi twamsifu msemaji, tukamsahau aliyefagia, aliyepika, aliyekesha na mgonjwa? Leo jioni, kila mmoja atafute mtu mmoja aliyemsaidia na ambaye hakuwahi kumtaja, amtaje mbele ya watu. Ni haki yake.